Shahidi wa Badriya

Ghulail, Jeddah
20 Novemba 2023

Shemegi yangu Hamdan,

Salamu za nyumba nzima zikufikie huko Riyadh kwenye baridi yenu. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo pia, isipokuwa magoti, ambayo anasema ni ya Jeddah na si yake. Nada, binti wa jirani, kafaulu mtihani wa Kiingereza na tangu siku hiyo hatuambii neno la Kiswahili likakamilika. Mzee Abdalla bado anafungua duka lake saa anayotaka na kulifunga akikasirika. Jana kalifunga mara mbili.

Karatasi hii ya kwanza nimekwisha kumsomea mama baada ya Alasiri, na yako ikija nitamsomea vilevile. Najua unatucheka, watu wazima wenye simu mifukoni tunaandikiana barua na kumkabidhi dereva wa basi la kwenda Batha, huko kwenu Riyadh. Lakini mama simu haimtoshi. Anasema simu ikikatika maneno yamekwisha, barua anasomewa tena kesho. Anakuombea dua na anakwambia ule vizuri.

Hii ya pili ni yako peke yako. Nimekwenda kwa kadhi. Unajua mwenyewe hali yangu: mume wangu, ndugu yako Murad, kaondoka na ile meli ya mizigo mwaka 2014, mwaka uliofuata meli ikauzwa, mabaharia wakatawanyika, na hapo ndipo khabari zake zilipokatika. Tulipochoka kungoja tukamsalia sala ya ghaibu, mama akakubali kwamba mwanawe kafa. Lakini kusaliwa kwake ni jambo moja na mimi kuwa huru ni jingine. Mahakamani mimi bado ni mke wa mtu.

Kadhi anataka mtu wa damu ya Murad aje aape kwamba tangu hapo hakuna aliyemwona wala kumsikia. Mama siwezi kumpeleka. Magoti ni kisingizio tu, kusema kweli sitaki mzazi akasimame kuapia kifo cha mwanawe. Umebaki wewe. Tarehe ni 19 Februari.

Na lile ulilomwambia mama Idi kubwa, kwamba nikiwa huru ungependa kunioa, kaniambia siku ileile, unamjua hawezi kuweka kitu. Sijibu kwa barua. Njoo kwanza uape, jibu utalikuta mlangoni. Na usicheke.

Badriya


Al-Murabba, Riyadh
5 Desemba 2023

Kwa mama yangu Bi Hala, na wote wanaokula chungu kimoja naye,

Assalamu alaikum. Barua imefika ikinuka vitumbua, nadhani dereva kaiweka pamoja na chakula chake. Mimi ni mzima, nakula vizuri, mama, tena mno, mpaka kanzu ya Idi inanibana tumboni. Baridi ni kali lakini chumbani tuko wanne na tunapashana joto kwa ugomvi.

Nina khabari. Kafili wangu, yaani bosi wangu Abu Fahad, anampeleka mama yake likizo mahali penye joto, maana daktari kamwambia baridi ya Riyadh haimfai kifua. Hajja Lulwa mwenyewe hasafiri bila mimi, anasema mimi tu ndiye ninayejua dawa zake zinakaa mfuko gani. Basi nitakwenda nao Antigua. Nikamuuliza dereva mwenzangu, Antigua ni wapi? Akanijibu, "Huko Karibiani, upande wa Amerika," kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni. Tutarudi katikati ya Januari, inshallah. Mama niombee, ndege ni tatu.

Badriya, hapa ni mimi na wewe. Nitakuja na nitaapa. Tangu Murad aondoke nani kamwona? Nani kamsikia? Hata nikiamshwa usingizini nitaapa bila kusita. Bosi nimekwisha kumwomba ruhusa ya Februari naye kasema hana neno.

Wallahi alipokuwapo ndugu yangu sikukutazama kwa jicho jingine, na Mungu anajua. Hata baada ya sala ya ghaibu nilikaa miaka sijamwambia mtu. Sasa nimesema, na nimefurahi mpaka wenzangu chumbani wameniuliza kama nimeongezewa mshahara. Jibu nitalikuta mlangoni, sawa, nitakuja nimevaa vizuri.

Hamdan


Ghulail, Jeddah
30 Januari 2024

Shemegi Hamdan,

Wa alaikumu ssalamu. Tunasikia kwa watu kwamba umerudi salama, alhamdulillah, maana kwako wewe hatujasikia kitu. Mama kila Alasiri ananiuliza kama dereva kaleta barua. Nimemwambia labda umepotea njia ukabaki huko na wanawake wa Karibiani. Akanitupia kiatu, kwa hiyo ujue mkono wake mzima.

Anataka khabari ya safari yote, ndege, chakula, watu, usimfupishie.

Kwako. Zimebaki wiki tatu. Simu zangu mbili hukupokea, na ya tatu ulipokea ukasema uko njiani, kisha nikasikia mlango wa friji. Hamdan, uko njiani kwenda wapi na friji? Niandikie.

Badriya


Al-Murabba, Riyadh
9 Februari 2024

Mama yangu, na nyumba nzima,

Assalamu alaikum. Nisameheni, kazi zilinizidi. Safari ilikuwa njema, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mlango wa ndege ulipofunguliwa Antigua joto lilinipiga usoni, joto la maji, la kulowesha kola kabla hujapiga hatua. Nikamkumbuka marehemu bibi alivyokuwa akiudharau ukavu wa Jeddah na kulisifu joto la Unguja. Mimi Unguja sijafika, mama, lakini nafikiri nimelionja. Nje ya uwanja kuna mishelisheli, mikubwa, yamening'inia mashelisheli na hakuna anayeyagombania. Kwenye ukumbi wanapiga muziki kwa mapipa ya chuma, tena wanaupiga ukapigika. Akaja msichana na sinia la vikombe vidogo anakaribisha wageni. Hajja Lulwa akanyoosha mkono akidhani kahawa. Bosi alimrukia! Kumbe ulevi wa miwa. Hajja mpaka leo anaamini mwanawe kamnyima kahawa mbele za watu.

Watu wa kule ni weusi kama sisi, sura za Ghulail kabisa. Kwenye foleni ya pasi ofisa akatazama pasi yangu ya Tanzania, akatazama mahali nilipozaliwa, Jeddah, akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikamwambia Riyadh ili aniache nipite. Hajja hakutembea hata kidogo, walituletea mtu akamsukuma kwa kiti cha magurudumu tangu mlango wa ndege mpaka garini. Basi, tukatoka. Hoteli ilikuwa nzuri, samaki wengi.

Badriya, tarehe kumi na tisa sitaweza kuja. Bosi kabadilisha ratiba, ikama yangu, kibali cha kukaa, inafanyiwa upya mwezi huu na si vizuri niombe ruhusa. Mwambie kadhi asogeze mbele. Usinikasirikie. Nimechoka tu, safari imenichosha.

Hamdan


Ghulail, Jeddah
26 Februari 2024

Shemegi Hamdan,

Mama anakusalimu na amecheka sana na kahawa ya Hajja. Kanisomesha pale mara tatu. Tulipofika kwenye mishelisheli akasema laiti Murad angaliyaona. Magoti yanamsumbua bado. Ramadhani imekaribia, tumeanza kusaga viungo vya sambusa.

Anakukumbusha umra ya marehemu. Kila mwaka unamfanyia nduguyo umra ya badali, kwa niaba yake, kumi la kati la Ramadhani, na mwaka huu anakuomba usichelewe, maana kamwota. Kamwota amekaa, hasemi kitu.

Hii ni yetu. Mahakamani nilikwenda peke yangu. Kadhi akauliza, "Shahidi yuko wapi?" Nikasema kazini. Akanitazama kama mtu aliyezoea kudanganywa, akasogeza tarehe mpaka baada ya Idi ndogo.

Sasa niambie ukweli. Nilimpigia dereva mwenzako, akasema ikama yako ilifanywa upya mwezi wa kumi na mbili. Kama umebadili moyo, sema. Mimi si mtoto. Nina miaka thelathini na minane, nimekaa miaka tisa si mke si mjane, wanaume wakija kuposa msichana mwingine nyumba hii mimi ndiye napika chai. Huna haja ya kunioa. Lakini kiapo ni kitu kingine, kiapo nakudai kama binadamu. Njoo uape halafu ukimbie, sitakufuata.

Badriya


Al-Murabba, Riyadh
30 Machi 2024

Badriya,

Ramadhani njema. Barua hii haina karatasi ya kwanza. Mama msalimie kwa mdomo wako, umwambie mwanao hajambo, na umwambie sikuandika.

Nimerudi jana kutoka Makka. Nilipanda basi Batha na watu wa umra, tukafika mikati karibu na Taif, pale pa kuvalia ihramu, nikaoga, nikavaa shuka zangu mbili, nikasimama kunuia. Miaka yote nimesema maneno yale bila kufikiri: nanuia umra kwa niaba ya ndugu yangu Murad. Safari hii nilifungua mdomo yasitoke. Nikajaribu tena. Wenzangu wakamaliza wakapanda, dereva anapiga honi, yalla, yalla, nami nimesimama pale. Umra ya badali anafanyiwa maiti, au mgonjwa asiyeinuka kitandani. Na mimi ndugu yangu nimemwona kwa macho yangu akimpandisha mama wa watu kizingiti cha mlango, yeye na kiti chake, kwa mikono miwili.

Nimelisema. Murad yuko hai.

Ndiye yule mtu wa kiti cha Hajja. Alikuwa anatungoja mlangoni mwa ndege na sare ya bluu, kifuani kibao kimeandikwa Allan. Kanenepa shingo, kapungua nywele. Kwanza nilimjua kwa kidole gumba kisicho na ukucha, kile kilichobanwa na mlango wa duka la Mzee Abdalla tulipokuwa wadogo. Nikainua macho, na yeye alikuwa amekwisha kunijua, maana uso wote ulimlegea. Hakusema. Na mimi sikusema. Akaanza kusukuma, mimi nikatembea ubavuni na mfuko wa dawa.

Ukumbi ule ni mrefu, Badriya. Foleni ya pasi, mizigo, forodha, kote tulikuwa hivyo, mkono wangu na wake karibu kugusana. Ofisa aliponiuliza kwetu ni wapi, Murad alitazama chini. Hajja akasema kwa Kiarabu, "Kijana huyu ana mkono mwepesi, Mungu amweke kwa mama yake." Murad akaitikia, "Amin." Hajja akashtuka, "Huyu Mwislamu?" Bosi akacheka, akasema hawa wanadaka maneno kwa wageni.

Pale garini bosi akaniambia, "Yalla Hamdan, mpe kitu." Nikatoa dola ishirini nikampa ndugu yangu bakshishi. Akapokea, akasema, "Thank you, sir." Aliyenifundisha kuendesha baiskeli!

Utasema nilimwogopa bosi. Nimejaribu kuliamini hilo miezi hii, lingenifaa. Lakini Abu Fahad si mtu mbaya, ningalimwambia huyu ni ndugu yangu aliyepotea angalilia kabla yangu. Sikumwogopa mtu. Nilikufikiria wewe. Tangu nilipoona kile kidole, kitu cha kwanza kilichonijia si mama, si furaha, bali kwamba nikifungua mdomo wewe unarudi kuwa mke wa mtu. Nikafunga mdomo. Nimekuwa mwizi kwenye nyumba ya mama yangu mwenyewe, na naona haya hata kuandika jina lako.

Siku ya kurudi nilimtafuta uwanjani kwa macho. Hajja akasukumwa na mtu mwingine. Nikashukuru Mungu, Badriya. Nilishukuru.

Kuna moja bado. Nilitaka kuifunga barua bila hilo. Alipoinama kumtengenezea Hajja pa kuweka miguu kabla ya kumwingiza garini, kichwa chake kikawa karibu na goti langu, akauliza kwa Kiswahili, taratibu, bila kuinua uso, "Mama mzima?" Bosi alikuwa ananitazama. Nikamjibu kwa Kiingereza, "That's all, thank you."

Siwezi kuapa. Na nisipoapa najua nakufunga. Mama alinipigia simu nikiwa bado Makka: "Umemfanyia nduguyo?" Nikasema nimemfanyia. Umra ile nilinuia yangu, na sijui kama ina thamani yoyote. Niambie nifanye nini.

Hamdan


Ghulail, Jeddah
24 Aprili 2024

Hamdan,

Salamu. Idi ilipita vizuri, sambusa zilitosha, Nada kaposwa na kijana wa Madina na sasa Kiingereza kimempungua kidogo. Mama mzima. Nakwambia hilo mwanzo kwa sababu wewe hukumjibu aliyeuliza.

Nilikaa siku tatu na barua yako. Nilikutukana vya kutosha, kichwani, kwa hiyo hapa sitakutukana. Na tena sina uso wa kukutukana sana. Miaka minne iliyopita, Ijumaa baada ya sala, simu yangu iliita kwa namba ya ng'ambo nisiyoijua. Nikapokea. Hakuna aliyesema, lakini pumzi za mtu uliyelala naye unazijua. Nikasema, "Murad?" Simu ikakatwa. Sikuipiga. Nilikuwa nimeanza kulala usingizi, nimeanza kuzoea, na kulikuwa na hasira. Nikaihifadhi namba kwa jina la "Usipokee" nikamwachia mama aendelee kumwombea marehemu. Nikakuachia wewe uende Makka kila mwaka kumfanyia umra mtu aliyekuwa anapumua. Kwa hiyo nilipokuandikia wewe uje uape kwamba hakuna aliyemsikia, nilikuwa nakuita uape uongo nilioujua. Mimi nilitaka kuutumia mdomo wako kwa sababu wangu nauogopa. Sasa umejua.

Nikamwambia mama. Sikumsomea, nilimwambia tu, nimekaa chini miguuni kwake, kwamba Murad yuko hai. Hakulia. Akauliza, "Nani kamwona?" Nikasema Hamdan. Akauliza, "Wakasemezana nini?" Hapo nikakuhurumia, au nikamhurumia yeye. Nikasema palikuwa na watu wengi, hamkuwahi kukaribiana. Ya bakshishi sikumwambia. Ya swali la Murad sikumwambia, wala sitamwambia.

Akasema, "Basi nipigieni." Nikamweleza kwamba namba ni ya zamani. Akasema tena, nipigieni.

Mimi nikafikiri haraka. Kadhi angetaka kusikia kwa mashahidi, na Murad akishika simu mara moja huenda asiishike tena. Nikamwita Mzee Abdalla, nikamwita na imamu wa msikiti wetu, nikawaketisha barazani na kahawa, nikawaeleza. Nilitaka neno moja tu kwa Murad. Aseme mbele yao kwamba ameniacha. Akilisema, nimemaliza, sihitaji kiapo cha mtu wala hisani ya mtu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu asubuhi, mafupi, yasiyo na lawama, ili asipate sababu ya kukata. Niliyarudia jikoni nikikaanga vitu.

Nikapiga. Iliita sana. Akasema, "Hello." Ni yeye, Hamdan. Nikasema, "Murad, ni Badriya, usikate." Hakukata. Nikamsikia anavuta pumzi kutaka kusema, na maneno yangu yako hapa ulimini. Nikageuka kuwaashiria mashahidi wasogee. Mama alikuwa ameinuka. Magoti yale yale yasiyomwinua kwenda chooni bila mimi, aliinuka peke yake akishika ukuta, na mkono mmoja kaunyoosha kwangu, umefunguka.

Nikampa simu.

Akamwambia, "Umekula?" Baada ya miaka yote hiyo, umekula. Kisha tukamsikia sote, maana nilikuwa nimefungua sauti kwa ajili ya mashahidi, "Nimekula, mama." Akamuuliza kala nini. Akasema samaki na ndizi. Mama akauliza nani kampikia, akasema kapika mwenyewe, mama akacheka akasema muongo. Na yeye akacheka, kisha akasema, "Mama, nisamehe, sikuwa na uso wa kurudi." Mama akasema, "Mimi sikuuliza hayo." Akawa anataka kumuuliza jambo jingine, na simu ikakatika.

Nimeipiga tena siku hiyo, na kesho yake, na kila siku mpaka leo. Haipatikani. Nada akapiga uwanjani kule kwa Kiingereza chake, wakamwambia Allan aliacha kazi mwezi wa pili, hawajui kaelekea wapi. Mzee Abdalla alikaa barazani mpaka kahawa ikapoa, akaomba viatu vyake.

Nilikwenda kwa kadhi peke yangu nikamwambia kweli yote. Mtu mpole. Akasema mume aliye hai na aliyesikika si mume aliyepotea, kesi ile imefungwa, nifungue nyingine ya kutelekezwa, atafutwe, aitwe, angojwe. Nikamuuliza muda gani. Akasema tumwombe Mungu. Kwa hiyo usije, kiapo chako hakina kazi tena.

Mama sasa anaamka mapema, anaoga, anakaa karibu na simu. Kaacha kumwita marehemu. Mimi nikimtazama nafurahi, kisha naingia jikoni nalia, na nikimaliza naosha uso namletea chai. Sijutii kumpa simu. Nakwambia sijutii, na kila siku narudia maneno yangu yale mafupi kichwani kana kwamba kuna mtu atakayeyasikia.

Lile la kunioa usimtajie mama tena, wala mimi. Hata siku nikiwa huru. Si adhabu. Ni kwamba nikikuona nitauona ule ukumbi, na nitahesabu. Mimi nilikuwa naye kwa muda wa pumzi moja, nikaitoa pumzi hiyo kwa mama yako. Wewe ulitembea naye kutoka mlango wa ndege mpaka garini, bega kwa bega, na mwisho yeye mwenyewe akakufungulia mdomo. Ungemjibu tu kwamba mama mzima. Mengine yote yangefuata.

Mama anakusalimu sana. Anakwambia ule vizuri.

Badriya,
mke wa Murad